Msimamizi, Mtafiti na Kisasili: Harbhajan Singh na Taaluma ya Fasihi ya Kipunjabi

Utangulizi

Mwanafunzi anayeamua kusomea fasihi ya lugha yake hadi kiwango cha uzamifu huulizwa swali moja nyumbani, njiani na hata katika ofisi za chuo chenyewe: shahada hiyo ataifanyia nini? Wanafunzi wa Kiswahili wanalijua swali hilo. Wenzao wa Kipunjabi wanalijua pia, ingawa wazungumzaji wa lugha yao wanazidi milioni 100. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu milioni 33 hivi. Nchini Pakistan wamepita milioni 80. Wingi huo haujaiondolea lugha unyonge. Nchini Pakistan, Kipunjabi ndicho lugha ya mama ya watu wengi kuliko lugha nyingine yoyote, lakini shule na ofisi huendeshwa kwa Kiurdu na Kiingereza. Nchini India hali ni afadhali. Chuo Kikuu cha Punjabi, kilichopewa jina la lugha yenyewe, kilifunguliwa mjini Patiala mwaka 1962, na mwaka 1966 mipaka ya jimbo la Punjab ilichorwa upya kwa kigezo cha lugha. Hata hivyo, mzazi mwenye uwezo humtafutia mwanawe shule ya Kiingereza kwanza, na hapo msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi.

Makala haya yanamwangalia msomi mmoja wa lugha hiyo, Harbhajan Singh (1920–2002), mshairi, mhakiki na profesa wa Chuo Kikuu cha Delhi. Kupitia kwake yanachunguza mambo mawili yanayokwenda pamoja: namna kisasili kinavyosomwa kama fasihi, na kazi ya kumlea mtafiti. Hoja inayotetewa ni kwamba taaluma ya fasihi husimama au kuanguka kwa aina ya swali ambalo msimamizi humzoesha mwanafunzi wake kuuliza. Kipunjabi ni mfano mzuri wa hoja hiyo kwa sababu kina visasili tele, na vingi kati yake bado ni imani hai ya watu walio hai.

Karani aliyegeuka profesa

Harbhajan Singh alizaliwa tarehe 18 Agosti 1920 mjini Lumding, katika jimbo la Assam, mbali sana na Punjab. Baba yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Mama naye alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne hivi. Alilelewa na ndugu ya mama yake katika mtaa wa Ichhra, Lahore. Elimu ya juu hakuipata kwa njia ya kawaida ya kukaa chuoni. Alifanya kazi dukani akiuza dawa za homeopathi, akawa karani wa ngazi ya chini katika idara ya serikali mjini New Delhi, kisha msaidizi wa maktaba shuleni. Shahada zake za Kiingereza na Kihindi alizisomea katikati ya riziki hizo. Baadaye alikuja kufundisha Kipunjabi katika Chuo Kikuu cha Delhi, akastaafu mwaka 1984 na kubaki profesa wa heshima. Tawasifu yake aliipa jina ambalo tafsiri yake ni joho lenye viraka, na si vigumu kuona kwa nini.

Orodha ya kazi zake ni ndefu. Alichapisha diwani 17, vitabu 19 vya historia na uhakiki wa fasihi, na tafsiri 14. Alitunukiwa tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1969 kwa diwani yake Na Dhuppe Na Chhaven, na Saraswati Samman mwaka 1994 kwa diwani Rukh te Rishi, yaani mti na mrishi. Kwa mada ya makala haya, hata hivyo, orodha ya tafsiri ndiyo inayosema mengi. Aliwatafsiri Aristotle, Tagore na Sophocles (ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata kupitia Mfalme Edipode), pamoja na tenzi teule za Rig Veda. Mtu anayeweka Rig Veda na Sophocles katika lugha moja anawaambia wanafunzi wake kwamba kisasili cha Wagiriki na kile cha nyumbani vinaweza kukaa juu ya meza moja na kuulizwa maswali yaleyale.

Ikumbukwe pia mahali msomi huyu alipoanzia. Kabla ya mwaka 1947, Lahore ndiyo iliyokuwa kitovu cha elimu na uchapishaji wa Kipunjabi. Bara Hindi lilipogawanywa, Lahore ikabaki Pakistan. Waandishi na walimu wengi wa Kipunjabi wasiokuwa Waislamu walijikuta upande wa India, katika miji ambayo haikuwa na mazoea ya kuifundisha lugha hiyo chuoni. Taaluma ya Kipunjabi huko Delhi ilijengwa na watu waliopoteza maktaba zao kabla ya kupata vyeo.

Hati moja, lugha mbili

Tasnifu ya uzamifu ya Harbhajan Singh ilihusu ushairi wa Kihindi ulioandikwa kwa hati za Gurmukhi. Mada hiyo inaonekana ndogo, lakini sivyo. Gurmukhi ni hati inayohusishwa moja kwa moja na Kipunjabi na dini ya Sikh, na msomaji wa haraka hudhani kila kilichoandikwa kwa hati hiyo ni Kipunjabi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ushairi wa karne za 17 na 18 uliohifadhiwa kwa Gurmukhi umetungwa kwa Kibraj, tawi la Kihindi lililokuwa lugha ya heshima ya washairi wa Kaskazini mwa India. Kwa upande mwingine, Kipunjabi cha Pakistan huandikwa kwa Shahmukhi, hati zenye asili ya Kiarabu na Kiajemi. Hivyo mtafiti wa fasihi ya Kipunjabi aliyesoma hati moja tu amefungiwa nje ya nusu ya nyumba, na hata ile nusu aliyo ndani yake ina wageni asiowatambua.

Anayesomea tenzi za kale za Kiswahili ataitambua shida hiyo. Yeye naye hana budi kuisoma miswada ya hati za Kiarabu, vinginevyo atategemea unukuzi wa watu wengine na kurithi makosa yao. Harbhajan Singh alianza maisha yake ya utafiti kwa kutenganisha hati na lugha. Ni mazoezi mazuri kwa mhakiki: kutochukua sura ya nje ya matini kuwa ndiyo matini.

Mithihas na itihas

Istilahi nazo zina mitego yake. Historia kwa Kipunjabi ni itihas, neno la Kisanskriti lenye maana ya kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Elimu ya visasili huitwa mithihas, neno lililoundwa kwa kuigiza umbo la itihas. Silabi zake za mwanzo zinafanana na neno la Kiingereza la kisasili, na papo hapo zinafanana na neno mithya la Kisanskriti, ambalo maana yake ni uongo. Kwa hiyo maneno hayo mawili yakisimama bega kwa bega, sikio la Mpunjabi linaweza kusikia ukweli upande mmoja na uzushi upande wa pili.

Kiswahili kilichagua njia tofauti. Kisasili kimetoka katika neno asili. Ni masimulizi yanayoeleza vitu vilianzaje. Istilahi hiyo haihukumu kama jambo lilitokea au halikutokea. Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuzilalamikia istilahi zao, mara nyingi kwa haki, lakini hii moja wanastahili kuishukuru. Mwanafunzi wa Kipunjabi anayeandika neno mithihas katika kichwa cha tasnifu yake huwa amekwisha kuingia katika ugomvi kabla ya sura ya kwanza, hasa akiwa anaandika juu ya masimulizi ambayo nyanya yake huyaombea.

Puran na Luna: somo la mfano

Ili kuona namna kisasili kinavyoweza kusomwa kifasihi, hebu tuchukue kisa cha Puran Bhagat, kimojawapo cha visa vinavyopendwa sana Punjab. Puran ni mwana wa Raja Salvahan wa Sialkot na malkia Ichhran. Anapozaliwa, wanajimu wanaonya kwamba baba asimwone kwa miaka 12, naye anafichwa muda huo wote. Anapotoka, anamkuta baba ameoa mke wa pili, Luna, msichana wa tabaka la chini. Luna anampenda mwana wa mumewe na kumtaka. Puran anakataa. Luna anamsingizia kwa mfalme. Puran anakatwa mikono na miguu na kutupwa kisimani. Baada ya miaka mingi mtawa Gorakhnath anampata, anamrudishia viungo vyake na kumfanya mfuasi. Puran anarejea Sialkot akiwa mtawa, anamponya mama yake aliyekuwa amepofuka kwa kulia, anamsamehe Luna na kumbariki apate mtoto. Mtoto huyo ndiye Rasalu, shujaa wa visa vingine vingi. Karibu na Sialkot kipo kisima kinachoitwa cha Puran, na wanawake wanaotamani watoto wamekuwa wakikizuru kwa vizazi.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka mara moja kisa cha Nabii Yusufu na Zulekha, ambacho Waswahili wamekitungia tenzi na Wapunjabi pia wamekitungia mashairi. Aliyesoma tamthilia za Kigiriki atamkumbuka Hipolito na mama yake wa kambo, Fedra. Mwanafunzi mchanga hufurahia ufanano huo na kudhani ameshapata tasnifu. Hapo ndipo msimamizi hodari humsimamisha. Ufanano ni mwanzo wa kazi tu. Yusufu hakatwi viungo. Hipolito harudi kusamehe. Kisa cha Kipunjabi peke yake ndicho kinachomalizika kwa mtuhumiwa kumpa msingiziaji mtoto. Kwa nini? Mtafiti akiuliza hivyo atalazimika kuingia katika mafundisho ya watawa wa Gorakhnath, katika thamani ya uzazi kwa mwanamke wa jamii hiyo, na katika desturi ya kuzuru kile kisima. Hapo kisasili huanza kufungua mlango.

Hatua ya pili ni kutofautisha kisa na matini. Katika karne ya 19 mshairi Mwislamu, Qadiryar, alikitunga kisa hiki kwa bahari ya si-harfi, ambapo beti hufuatana kwa mpangilio wa herufi za alifbee. Ni mbinu ambayo washairi wa pwani ya Kiswahili nao waliitumia. Mwislamu akimtungia mtawa wa Kihindu kisa kwa mfuatano wa herufi za Kiarabu: jambo hilo peke yake linatosha kuwaonyesha wanafunzi kwamba fasihi ya Punjab haikugawanyika kwa dini kama ramani ilivyokuja kugawanyika. Qadiryar anamwona Puran kuwa kielelezo cha subira na usafi. Luna kwake ni mkosaji.

Mwaka 1965 Shiv Kumar Batalvi (1936–1973) alichapisha tamthilia ya kishairi aliyoiita Luna. Jina tu latosha. Batalvi alikigeuza kisa: msichana wa tabaka linalodharauliwa, kijana, anaozwa mfalme mzee bila kuulizwa, kisha anakutana na mwana wa mfalme ambaye ni rika lake. Hatia inahama kutoka kwa mwanamke kwenda kwa jamii iliyomnunua. Tamthilia hiyo ilimpatia Batalvi tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1967, akiwa na umri mdogo kuliko wote waliokuwa wamewahi kuipata.

Sasa mtafiti ana matini mbili za kisa kimoja. Akiuliza ni ipi iliyo sahihi, atakuwa amepotea, maana hakuna mahakama ya kuamua. Akiuliza kila matini imechagua kumpa nani sauti, imeyanyamazisha yapi na imeyarudia yapi, atapata kazi ya kutosha miaka mitatu. Namna hii ya kuuliza ndiyo Harbhajan Singh na wenzake walioitwa mkondo wa Delhi walijaribu kuiotesha katika uhakiki wa Kipunjabi. Walijifunza kutoka kwa wanaumbuji wa Kirusi na wanamuundo, wakasisitiza kwamba mhakiki aanze na matini yenyewe kabla ya kwenda kwa maisha ya mwandishi au hali ya uchumi. Wakati huo sauti iliyokuwa na nguvu ilikuwa ya uhakiki wa Kimarx, ambao mtetezi wake mashuhuri alikuwa Sant Singh Sekhon (1908–1997). Mvutano baina ya pande hizo mbili ulifanana sana na ule ambao wanafunzi wa nadharia za uhakiki wa Kiswahili wanaujua. Na ni haki kusema kwamba Luna inazikejeli pande zote mbili: haieleweki bila kuchambua muundo wake, na haieleweki bila kuuliza nani alimwoza binti wa maskini kwa mfalme.

Jabali na treni

Ugumu mkubwa huja pale kisasili kinapokuwa imani. Masimulizi ya maisha ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Sikh ambayo waumini wake huitwa Makalasinga nchini Kenya, yamehifadhiwa katika mikusanyo iitwayo janamsakhi. Msomi W. H. McLeod, raia wa New Zealand aliyefundisha mjini Batala na kupata uzamifu wake London mwaka 1965, alichapisha mwaka 1968 kitabu kilichoyapima masimulizi hayo kwa mizani ya historia na kuyakataa mengi kama ushahidi. Waumini wengi walikasirika. Mwaka 1980 alirudi kuyachunguza kama masimulizi: yalikuaje, yalihudumia nini, yalishikaje pamoja jamii iliyoyasimulia. Kitabu cha pili hakikuzima ghadhabu iliyowashwa na cha kwanza, lakini kwa mwanafunzi wa fasihi hicho ndicho chenye manufaa zaidi.

Mfano ulio bora kuliko vyote, hata hivyo, umetolewa na mwandishi wa hadithi fupi. Mjini Hasan Abdal, ambao sasa uko Pakistan, lipo jabali lenye alama ya kiganja. Inasimuliwa kwamba mtawa mmoja aliyekaa juu ya kilima alimporomoshea Guru Nanak jabali hilo, naye Guru akalizuia kwa mkono. Mahali hapo huitwa Panja Sahib. Mnamo tarehe 30 Oktoba 1922, katika mji huohuo, waumini walijilaza relini kuisimamisha treni iliyokuwa imewabeba wafungwa wa harakati zao, ili wawape chakula. Treni ilisimama, lakini baadaye. Watu wawili walikufa.

Kartar Singh Duggal (1917–2012) aliyaunganisha matukio hayo katika hadithi yake Karamat, yaani muujiza. Mtoto anasimuliwa na mama yake kisa cha jabali na anakataa kata kata: jabali haliwezi kuzuiwa kwa mkono. Baadaye anasikia habari ya treni na watu waliolala relini. Dada yake mdogo anapokuja kusimuliwa kisa cha jabali na kukataa kama alivyokataa yeye, ni yule kaka aliyekuwa mbishi anayekitetea kisa. Duggal hasemi kama jabali lilizuiwa. Anaonyesha kile kinachomfanya mtu aamini, na kwamba tukio la historia linaweza kukifufua kisasili badala ya kukiua. Msimamizi ambaye mwanafunzi wake amekwama baina ya imani ya nyumbani na mizani ya chuoni angeweza kumpa hadithi hii fupi aisome kabla ya kumpa kitabu chochote cha nadharia.

Nigran na khojarthi

Katika jalada la tasnifu ya Kipunjabi huandikwa majina mawili: khojarthi, yaani mwenye kutafuta, na nigran. Neno hili la pili limetoka Kiajemi, ambako lina maana ya mwenye kutazama na pia mwenye wasiwasi. Yeyote aliyewahi kusimamia tasnifu atakubali kwamba Waajemi hawakukosea.

Tangu mwaka 2016, kanuni za tume ya vyuo vikuu ya India zimeweka kikomo: profesa asiwe na watafiti wa uzamifu zaidi ya 8 kwa wakati mmoja, profesa mshiriki 6, na mhadhiri wa ngazi ya chini yao 4. Kikomo hicho kinahusu hesabu tu. Tasnifu za vyuo vya India huwekwa katika hazina ya mtandaoni iitwayo Shodhganga, na zile za Kipunjabi, zilizoandikwa kwa Kipunjabi chenyewe, zimo humo. Kuandika kwa lugha inayochunguzwa ni jambo ambalo idara za Kiswahili zililijadili kwa muda mrefu. Kwa Wapunjabi wa India faida yake imeonekana katika istilahi: mamia ya watafiti waliolazimika kusema muundo, kiashiria na usimulizi kwa Kipunjabi waliizoesha lugha kusema mambo hayo, ingawa si kila istilahi iliyoundwa inameza vizuri.

Mkondo nao una hatari zake. Mwalimu mwenye nadharia yenye nguvu huvuta wanafunzi, na wanafunzi wasio na ujasiri huigeuza nadharia kuwa ukungu wa kufyatulia matofali: matini yoyote ikiingia, tofali lilelile hutoka. Mkondo wa Delhi haungeweza kuepuka jambo hilo, kama ambavyo hakuna idara ya fasihi inayoliepuka popote. Kilichomwokoa Harbhajan Singh mwenyewe ni kwamba alikuwa mshairi. Aliyewahi kuhangaika na ubeti wake usiku kucha hawezi kuamini sana kwamba mchoro wa mishale umeumaliza ubeti wa mwingine.

Kwa mtafiti wa Kenya

Wapunjabi wako Kenya tangu ujenzi wa reli ulioanza mwaka 1896, na mshairi Amarjit Chandan, mmoja wa washairi wanaosifika leo wa lugha hiyo, alizaliwa Nairobi mwaka 1946. Huko Makindu, kando ya barabara kuu ya kwenda Mombasa, ipo gurdwara iliyojengwa mwaka 1926, ambako msafiri wa dini yoyote hupewa chakula na malazi bila malipo. Mahali pa ibada penye umri huo, kando ya reli, hapakosi masimulizi, na wengi wa wanaoyajua huzungumza Kiswahili. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetafuta mada asiyoisikia kila semina anaweza kuanzia hapo, pamoja na msimamizi aliye tayari kutazama na kuwa na wasiwasi. Atahitaji kujifunza Gurmukhi. Herufi zake za msingi ni 35, na jina ambalo Wapunjabi huuita mpangilio huo, painti, lina maana hiyo tu: thelathini na tano.